Mtu Mzima Mlangoni mwa Chuo Kikuu: Nani Amjibu?

Maduka ya Mtaa wa Kongo yanapoanza kushusha milango jioni, wako watu wanaotoka Kariakoo wakielekea upande wa Mnazi Mmoja na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Hawaendi nyumbani. Wamebeba madaftari ndani ya mifuko ya dukani, na baadhi yao bado wamefunga kanga za kazini. Ni wauza vitenge, makarani wa maghala, mafundi cherehani, walinzi, madereva na watumishi wa ngazi ya chini katika ofisi za katikati ya jiji. Wanakwenda kusoma. Wengine wanajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa na mtihani wa kidato cha nne. Wengine wameandikishwa katika stashahada, na wachache wamefika hatua ya shahada. Wengi wao wana umri wa kati ya miaka 30 na 50, na wana watoto wanaosoma pia.

Mimi ni mkufunzi wa elimu ya siasa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na darasa la jioni katika eneo hili, na karibu kila muhula huulizwa swali moja: "Ndugu mkufunzi, mtu mzima kama mimi akitaka kufika chuo kikuu, Serikali inamtambua?" Swali hilo halitaki jibu la kutia moyo tu. Linataka uchambuzi wa sera.

Katika makala haya nakusudia kuhakiki sera yetu ya elimu ya juu kwa upande mmoja: upande wa mwanafunzi mtu mzima. Nitauliza maswali mawili. La kwanza, mfanyakazi na mchuuzi aliyekwisha kuanza maisha ana mlango gani wa kuingilia, na nani anamlipia? La pili, akishaingia, ni nani anayewajibika kwake pale chuo kinaposhindwa kutimiza ahadi? Naamini kwamba swali la kwanza limezungumzwa sana, japo bila kukamilishwa. Na la pili halijazungumzwa inavyostahili.

Wako watakaosema kada hapaswi kukosoa sera za Serikali inayoongozwa na Chama chake. Hao wamesahau mafundisho ya msingi. Mwalimu aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, Uhuru ukiwa haujafikisha hata mwaka mmoja, kwa sababu alijua kwamba chama kisichojikosoa huanza kuoza kuanzia ndani. Uhakiki ni kazi yetu.

CHUO KILICHOZALIWA KARIAKOO

Vijana wengi wanadhani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa Mlimani. Sivyo. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, ndani ya jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba. Wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha Taifa letu.

Jambo hili lina maana ya kisiasa. TANU iliendeshwa kwa ada na michango ya watu wa kawaida: makuli wa bandarini, madereva, wachuuzi wa sokoni, na akina mama wa vikundi vya ngoma waliohamasishwa na Bibi Titi Mohamed. Wengi wao hawakuwa na cheti cha shule yoyote. Kwa hiyo hatuzidishi maneno tukisema kwamba darasa la kwanza la chuo kikuu nchini lilifadhiliwa kwa paa na watu wazima ambao wenyewe wasingeruhusiwa kuingia humo kama wanafunzi.

Mwaka 1964 Chuo kilihamia Mlimani. Kilihama kwa sababu za haki kabisa za nafasi na majengo, lakini umbali ulioongezeka haukuwa wa maili tu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400. Mgogoro ule ulionyesha wazi kwamba msomi anaweza kugharimiwa na jasho la umma na bado akajiona hana deni kwa umma. Ni katika mazingira hayo ndipo tulipata Azimio la Arusha mwezi Februari 1967 na, mwezi uliofuata, Elimu ya Kujitegemea.

Wakati huohuo ulikuwapo mkondo wa pili. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 1975 ikapewa sheria yake yenyewe. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya watu wazima wenye uwezo wa uongozi ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Mwaka 1971 kikawa chuo cha itikadi cha TANU, na tangu sheria ya mwaka 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Mwaka huohuo Waraka wa Waziri Mkuu Namba 1 uliagiza elimu ya wafanyakazi itolewe mahali pa kazi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, wasiojua walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10.

Dunia ilikuja kujifunza kwetu. Mwezi Juni 1976 mkutano wa Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima ulifanyika hapahapa Dar es Salaam, na Mwalimu akazungumza na wajumbe kuhusu elimu kama njia ya mtu kujikomboa.

Sasa tutafakari. Umma uliofundishwa kusoma kwa mamilioni hauwezi kuambiwa usimame kwenye kusoma gazeti na kutia saini. Ukimfungulia mtu mzima kisomo, umemfungulia haki ya kuuliza hatua inayofuata. Ni hapo ndipo Azimio la Musoma linapoingia.

AZIMIO LA MUSOMA: MAFANIKIO NA KASORO

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Wengi hukumbuka uamuzi wa elimu ya msingi kwa wote. Wanaosahau ni uamuzi wa pili, ambao kinadharia ulikuwa wa kimapinduzi zaidi: kwamba kijana amalizapo kidato cha sita na kulitumikia Taifa jeshini, asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, na wanaofanya kazi naye pamoja na tawi la Chama watoe mapendekezo juu ya mwenendo wake. Pamoja na hayo ulikuwapo utaratibu wa mtihani maalumu wa watu wazima, waliotimiza umri wa miaka 25 na kuendelea, ambao hawakupitia kidato cha sita.

Maana yake ni hii. Kazi ikawa sehemu ya sifa. Uzoefu wa kiwandani, shambani na ofisini ukahesabiwa kuwa ni elimu, na mtu mzima akawa ndiye mwanafunzi wa kawaida wa chuo kikuu. Hakuhitaji kuombewa huruma.

Lakini mhakiki asiyeona kasoro za Musoma ni mshangiliaji. Kasoro zilikuwapo, na zilikuwa tatu.

Kwanza, wanawake waliumia. Msichana aliyeambiwa afanye kazi miaka miwili alikuta ndoa, uzazi na shinikizo la ukoo vinamfunga, na idadi ya wanawake waliojiunga ikashuka. Mwaka 1976 ilibidi sharti hilo liondolewe kwao. Funzo ni kwamba sera inayosema "watu wazima" bila kuuliza ni mtu mzima gani, na nyumbani kwake kuna nini, hugeuka kuwa sera ya wanaume.

Pili, masomo ya sayansi na uhandisi yalikosa waombaji wa kutosha, na kanuni ikalegezwa huku na kule bila mpango mmoja.

Tatu, na hili ndilo la msingi kwa makala haya: mapendekezo yalikwenda upande mmoja tu. Mwajiri alimpima mfanyakazi. Tawi lilimpima mwanachama. Mfanyakazi hakuwa na mahali pa kumpima mwajiri aliyekataa kumruhusu, wala kiongozi wa tawi aliyekalia fomu yake. Fungu la 15 la Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 lilikataza viongozi kuwa wababe na wenye dharau. Lakini fungu hilo halikuandikiwa utaratibu ndani ya kanuni za udahili. Mlango ulifunguliwa na ufunguo ukaachwa mfukoni mwa mangimeza.

Katikati ya miaka ya 1980, baada ya ripoti ya Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta na kukamilishwa mwaka 1982, kijana aliruhusiwa tena kutoka shule kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Tulirekebisha kasoro kwa kuondoa kanuni nzima, na pamoja na kanuni tukaondoa wazo lake.

KAZI ILIYOGEUKA KUWA DOSARI

Wazo hilo halikufa kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993. Mwanafunzi husoma akiwa kazini kwake na nyumbani kwake, na mikoa yote ina vituo. Hili ni tunda halali la historia niliyoieleza. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanza mwaka 2005, nayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi mtu alioupata nje ya darasa. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu mzima hana mlango.

Swali ni nani anayelipa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 tuliingia katika uchangiaji wa gharama. Mwaka 2004 ikatungwa Sheria Namba 9 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi mwezi Julai 2005. Bajeti ya mikopo imekua: katika mwaka wa masomo 2021/2022 ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 hadi bilioni 570, na imeendelea kupanda. Hili ni jambo jema, na kada asione haya kulisema.

Lakini hebu tuisome miongozo ya miaka ya karibuni kwa macho ya mtu wa Kariakoo. Mwombaji asiwe amezidi umri wa miaka 35. Awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Asiwe na ajira inayompa kipato.

Tuwachukue watu watatu. Wa kwanza ni mama wa miaka 38 anayeuza vitenge: hana ajira rasmi, lakini umri umempita. Wa pili ni karani wa ghala mwenye miaka 29: umri anao, lakini ana mshahara, hata kama mshahara huo haufiki mwisho wa mwezi. Wa tatu ni fundi wa miaka 31 aliyehitimu miaka tisa iliyopita, akakaa kuwasomesha wadogo zake baada ya baba kufariki: hana ajira, umri haujampita, lakini cheti chake kimechelewa. Mmoja amefungiwa na umri, mwingine na kazi, mwingine na wajibu wa ukoo. Wote watatu hulipa kodi kila wanaponunua sabuni, na kodi hiyo huingia katika mfuko uleule wanaoambiwa si wao.

Ndugu msomaji, linganisha na Musoma. Mwaka 1974 tulimwambia kijana: nenda kafanye kazi, ndipo uje chuo kikuu. Leo tunamwambia: kwa kuwa umefanya kazi, jitegemee. Kazi, iliyokuwa sifa, imegeuka dosari. Mageuzi haya ya fikra hayakupigiwa kura katika mkutano wowote. Yaliingia kimyakimya, kifungu kwa kifungu, ndani ya masharti ya fomu.

Najua jibu litakalotolewa. Fedha hazitoshi, kijana atalitumikia Taifa miaka mingi kuliko mzee, na mkopo lazima urejeshwe. Hoja hizi si za kupuuzwa, bali zipimwe.

Kuhusu uchache wa fedha: ni kweli. Lakini uchache hauamui peke yake nani akose. Anayepanga foleni ndiye anayeamua, na foleni hii imepangwa kwa tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuuliza uhitaji. Kuhusu miaka ya utumishi: mfanyakazi wa miaka 36 katika utumishi wa umma ana miaka 24 kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Tena yeye hatafuti ajira baada ya kuhitimu. Anarudi palepale alipokuwa, akiwa na ujuzi mkubwa zaidi. Kuhusu marejesho: tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Basi ni mdaiwa gani aliye rahisi kumpata kuliko yule ambaye tayari yuko kwenye orodha ya mishahara? Tunamnyima mkopo mtu ambaye marejesho yake yangeweza kuanza mwezi uleule, kwa sababu ileile inayomfanya aweze kulipa. Hoja ya fedha, ikifuatwa hadi mwisho, inamtetea mfanyakazi.

AKISHAINGIA, NANI ANAMJIBU?

Tuseme sasa mtu mzima ameuza pikipiki yake, ameingia, amelipa. Je, amekuwa mwanafunzi au amekuwa mteja asiye na risiti?

Nitatoa mifano miwili kutoka darasani kwangu. Sitavitaja vyuo, kwa kuwa lengo si kushitaki chuo kimoja, bali kuonyesha maradhi.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama mwenye meza ya nguo, alifanya mitihani yote ya mwaka. Matokeo ya somo moja hayakutoka. Alipouliza aliambiwa mwalimu hajaleta alama. Aliporudi aliambiwa mwalimu amehamishwa. Aliporudi mara ya tatu aliambiwa arudie mtihani na alipe ada ya kurudia. Kila safari ya kwenda kuuliza ilikuwa ni nusu siku meza imefungwa. Hakuna aliyemwambia kwa maandishi kosa ni la nani. Mwishowe alilipa, kwa sababu kupigania haki kulikuwa ghali kuliko kununua kimya.

Wa pili alikuwa na bidhaa zake katika Soko Kuu la Kariakoo. Soko hilo, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilishika moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mtaji wake ukateketea, na ada ya muhula ikateketea pamoja nao. Aliandika barua kuomba kuahirisha masomo. Hakujibiwa. Mwaka uliofuata aliporudi alikuta jina lake limefutwa na anadaiwa faini ya kuchelewa. Nilimuuliza, "Uliikatia rufaa?" Akanijibu, "Ndugu mkufunzi, rufaa naipeleka dirisha gani?"

Jibu lile linatosha kuwa mada ya semina nzima. Kijana wa bwenini ana serikali ya wanafunzi, ana wenzake mia wa kupaza sauti naye, na ana mchana mzima wa kusubiri nje ya ofisi. Mtu mzima anasoma peke yake usiku. Hawajui wenzake, hawezi kuandamana, na ana haya ya umri: anaona fedheha kusimama mbele ya karani aliye sawa na mwanawe na kusema ameonewa. Umangimeza hustawi mahali ambapo mwenye haki yuko peke yake na ana haraka. Ndiyo maana mtu mzima ndiye anayeonewa kwa urahisi zaidi, na ndiye anayehesabiwa kwa upesi zaidi kuwa "ameacha masomo". Takwimu ikiandikwa hivyo, kosa la ofisi limehamia kwa mwanafunzi.

Vyuo vyetu vinawajibika kwa Tume kuhusu mitaala, na kwa Mkaguzi Mkuu kuhusu hesabu. Uwajibikaji huo ni wa kwenda juu, nao ni wa lazima. Lakini uwajibikaji wa kwenda chini, kwa mwanafunzi, mara nyingi umeachiwa hiari ya mtu aliye dirishani. Nadharia ya uongozi wa umma haikubali hivyo. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya umma kinawajibika kwa umma kila siku kinapofungua mlango, si siku ya ukaguzi peke yake.

SUALA LA LUGHA

Kuna kizuizi kingine, nacho hakiandikwi katika fomu yoyote. Elimu ya watu wazima iliyotupa sifa duniani ilitolewa kwa Kiswahili. Kisomo, Mtu ni Afya, elimu ya wafanyakazi na mafunzo ya siasa, vyote vilikuwa kwa lugha ambayo mtu anafikiri nayo. Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1970, ikathibitisha kwamba lugha hii inabeba taaluma. Nje ya hapo, mtu mzima anayefika mlangoni hukuta akili yake inapimwa kwa Kiingereza alichokiacha miaka 15 iliyopita.

Mama wa Mtaa wa Kongo anajua bei ya ushuru, faida, hasara, mkopo wa kikundi, na mwenendo wa bidhaa kutoka bandarini hadi Tandika. Mwulize uchumi kwa Kiswahili, atakufundisha. Mwulize kwa Kiingereza, ataandika aya mbili na kupata alama 30. Je, hapo tumepima elimu yake au tumepima shule aliyosoma utotoni? Sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema mtihani wa kumtambua mtu mzima hauna budi kupima anachokijua.

KOSA LETU MAKADA

Uhakiki usioishia kwetu wenyewe ni unafiki. Wako miongoni mwetu wanaosoma kwa sababu cheo kinadai cheti. Wanapewa ruhusa ya kazi bila taabu, wanachapiwa kazi zao na vijana wa ofisini, na wanavaa joho wakapigwa picha. Mtu wa sokoni anayaona hayo yote. Anajifunza kwamba shahada ni pambo la mwenye nafasi, na kwamba uvivu wenye cheo husamehewa ada ya kurudia. Kila shahada ya namna hiyo inapunguza thamani ya ile iliyopatikana kwa kukesha.

Na wako wanaogeuza shida ya mwanafunzi kuwa biashara: "Nipe kitu kidogo, nitakuonea mtu chuoni." Huyo ni dalali, hata akiwa na kadi ya Chama mfukoni. Anarudisha ile kasoro ya tatu ya Musoma kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa haki ya mtu inategemea tena hisani ya mwenye kufahamiana.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Napendekeza mambo matano yajadiliwe katika matawi, katika vyuo na katika vikao vinavyohusika.

Kwanza, sharti la umri katika mikopo lipitiwe upya. Ikiwa mfuko mkuu hauwezi kubeba kila mtu, basi litengwe fungu dogo la watu wazima, lenye vigezo vyake vya uhitaji, na anayepokea mshahara akatwe tangu mwanzo kwa kiwango asichoumia nacho.

Pili, kila chuo kinachopokea watu wazima kitangaze kwa Kiswahili, ukutani na kwenye fomu, muda wa kutoa matokeo, muda wa kujibu barua, na mahali pa kukata rufaa. Muda ukipita bila jibu, gharama ya kuchelewa iwe ya chuo. Alama zikipotea mikononi mwa chuo, mwanafunzi asilipe hata senti moja kurudia.

Tatu, wanafunzi watu wazima wawe na kamati yao na mjumbe wao katika vikao vya chuo, na vikao hivyo viitishwe saa ambazo mtu wa kazi anaweza kuhudhuria.

Nne, mtihani wa kutambua ujuzi upatikane pia kwa Kiswahili, na wanaouendesha waufuate mtu alipo: sokoni, kiwandani, bandarini.

Tano, kila tawi la katikati ya jiji liwe na orodha ya wanachama na wakazi wake wanaosoma. Orodha hiyo isiwe ya kuwaombea upendeleo. Iwe ya kuwakutanisha, ili yule aliyekosa dirisha la rufaa aende na wenzake kumi wenye barua moja. Mpweke hupuuzwa kwa wepesi. Kumi wenye tarehe na nakala mkononi husikilizwa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, ilizinduliwa rasmi mwezi Februari 2025. Imezungumza mengi kuhusu mtoto na kijana. Mtoto huyo anapoondoka asubuhi kwenda shule huko Buguruni au Manzese, anamwacha mama akipanga bidhaa. Na jioni, mtoto akiwa amelala, mama anafungua daftari chini ya taa hiyohiyo. Sera inayomwona mmoja na kumruka mwingine imeiona nusu ya nyumba.

Juma lililopita yule mama wa meza ya nguo alirudi darasani kwangu. Amerudia mtihani ule na amefaulu. Sikumpongeza kwa maneno mengi. Nilimwomba aniletee risiti ya ada ya kurudia, na stakabadhi za safari zote, na majina ya siku alizofunga meza. Tumeandika barua pamoja, ameitia saini kwa mkono wake, na nakala iko katika jalada la tawi. Tunasubiri jibu, na tarehe ya kuipeleka tumeiandika kwa wino.